Mwaka Tuliochimba Ming'oko kwa Zamu

Habari za kifo cha Somoe zilinikuta sokoni Mtwara, nimeinama mbele ya mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nachagua iliyonyooka. Aliyepiga simu ni mjukuu wake. Aliniambia kwa upole kwamba bibi ametutoka alfajiri na kwamba mazishi yatakuwa baada ya sala ya alasiri, kama nitawahi. Nilirudisha ming'oko mahali pake. Muuzaji alinitazama usoni, akanipa pole bila kuuliza kitu, nami nikaenda kutafuta gari la Kitaya, kijiji kilicho jirani na kwao. Njiani sikulia. Nilitazama nyasi. Nimestaafu siku nyingi, magoti hayanitaki tena, na barabara ile siku hizi ina maduka na nguzo za umeme, lakini macho yangu bado yanafanya kazi yaliyojifunza mwaka ule nilioishi na Somoe: yanatafuta jani linalotikisika wakati upepo umetulia. Abiria mwenzangu alidhani nimepotelewa na kitu nje ya dirisha.

Nilifika kule nikiwa bibi shamba mpya kabisa, nimetoka chuoni na baiskeli ya serikali, buti za mpira na maneno mengi kichwani juu ya nafasi za kupanda mikorosho. Kijiji nilichopewa kilikuwa bado hakina jina. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao ya zamani, walikoacha mikorosho yao na makaburi yao, wakapangwa kwa mistari kwenye uwanda ulio juu ya bonde la Ruvuma, nao wenyewe wakapaita Kipya. Ukimuuliza mtu anakwenda wapi, anajibu, "Kipya." Nyumba zilijengwa harakaharaka kabla ya mvua: miti, udongo wa kukandika, paa la nyasi, na mlango wa matete uliofungwa kwa kamba. Mashamba mapya yalikuwa hayajazaa, kwa hiyo kila asubuhi watu walitembea kwenda kwenye mashamba ya zamani na kila jioni wakatembea kurudi. Katikati palikuwa na pori, na pori lile lilizidi kusogea. Palipokuwa na nyumba pakawa mahame, mihogo iliyoachwa ardhini ikawa chakula cha nguruwe pori, nguruwe wakazaana wasiwe na wa kuwafukuza. Kila mtu aliwalalamikia nguruwe. Hakuna aliyejiuliza ni nani atakayewafuata hao nguruwe.

Nilipangiwa kulala kwa Somoe. Alinizidi umri kidogo, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi ya katani Tanga akasahau njia ya kurudi. Aliishi na mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake, mzee aliyeitwa Amisi. Mjomba Amisi alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, akavuka kuja kwetu vita vilipofika kijijini kwao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitega migono mtoni, ile mitego ya samaki anayoisuka mwenyewe kwa fito na matete, na jioni alirudi na kambale waliotungwa kwenye ukambaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vilivyogawanywa na kiambaza ambacho kinapitisha hata sauti ya mtu anayejikuna. Upande mmoja alilala mjomba na vifaa vyake, upande wa pili mimi na Somoe, kila mtu na kitanda chake cha kamba. Tulikula ugali wa makopa, yaani mihogo iliyokaushwa, kwa mchuzi wa kambale na nazi, na kila mara mjomba alinisogezea kichwa cha samaki. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Hiki ni cha serikali." Hapo ndipo alipocheka, kwa mabega tu, bila sauti. Nikifikiri sasa, zile wiki za mwanzo zilikuwa za raha kuliko nilivyojua. Nilikuwa natoka nje usiku kwenda chooni peke yangu, na kibatari mkononi, naimba.

Miezi ya njaa kule ni ile kabla ya mpunga wa bondeni kukomaa. Makopa yanakwisha, na wanawake wanaingia porini kuchimba ming'oko. Mng'oko haupandwi na mtu. Unautafuta mtambaa wake kati ya vichaka, unaufuata mpaka unapoingia ardhini, unapiga magoti na kuchimba, na kwa kuwa mzizi unakwenda chini sana, mwishowe unalala kifudifudi na mkono mzima umeingia shimoni mpaka begani, uso kwenye mchanga. Niliomba kwenda nao, maana bibi shamba asiyejua watu wanakula nini hana kazi. Asubuhi ile tulikuwa kundi zima, kila mmoja na shimo lake, hatuonani kwa sababu ya nyasi lakini tunasikilizana. Binti Hamisi, mama mmoja mcheshi aliyekuwa jirani yetu, alikuwa akitusimulia jinsi mkwewe alivyotia chumvi mara mbili kwenye kisamvu. "Basi bwana," alisema, "mzee akaonja, akanitazama mimi, akamtazama mkwe, akase..." Akanyamaza. Tulingoja. Tulidhani anavuta pumzi, au amecheka kimoyomoyo. Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa mara moja, kikohozi kizito, na jembe likigonga jembe. Somoe akaita, "Binti Hamisi?" Nyasi zilipigana kidogo upande wa chini, kama mtu anayeburuta mkeka, kisha zikatulia. "Binti Hamisi, akasema nini?" Somoe aliita tena, na sauti yake safari hii ilikuwa imebadilika.

Tulikimbia wote. Sikumbuki njia, nakumbuka kwamba nilifika Kipya na buti moja. Wanaume walikwenda na mishale na mapanga, wakarudi na kanga yake na kile kilichotosha kuzikwa. Hakukuwa na ngurumo, hilo ndilo lililonitesa. Maisha yangu yote nilijua kwamba simba hunguruma. Huyu alikohoa tu, katikati ya mazungumzo yetu, mchana kweupe, akamchukua mtu aliyekuwa akitufurahisha.

Huwezi kusema basi, hatuendi tena porini, wakati ndani hakuna makopa. Baada ya siku chache wanawake walirudi kuchimba, nami nikaenda nao kwa sababu niliona aibu kubaki. Lakini sasa tulichimba kwa zamu. Hakuna aliyekuja na utaratibu huo kichwani tayari. Tuliubahatisha, mmoja akasema hili, mwingine akasema lile. Tulifyeka kwanza nyasi za mahali pa kuchimbia. Wawili walichimba, wawili walisimama wamepeana migongo, na aliyesimama hakuruhusiwa kuzungumza, wala kuinama, wala kutazama mikono yake. Tulikwenda jua likishapanda na kurudi kabla halijaanza kushuka. Mmoja alileta debe la kupiga, tukalipiga siku mbili, kisha Somoe akasema linatuziba masikio, tukaliacha. Na tulikubaliana kwamba akitokea, hakuna kukimbia. Kukubali kulikuwa rahisi tukiwa tumekaa barazani. Zamu yangu ya kusimama ilipofika, nilizitazama nyasi mpaka zikaanza kunitazama mimi. Kila rangi ya kahawia ilikuwa na sikio. Jasho lilinitiririka hadi ndani ya viatu vya kuazima, na nyuma yangu nilisikia Somoe akikwangua mchanga, akihema, akinitegemea mimi.

Nyumbani tulijifungia jua likiwa bado jekundu. Tuliweka kinu nyuma ya mlango, na juu ya kinu tukaegemeza baiskeli ya serikali, na ndoo ya haja tukaiweka pembeni, hakuna kutoka mpaka kupambazuke. Chakula tulikula mapema, kimyakimya, bila mchuzi wenye harufu. Mlango wenyewe ulikuwa wa matete. Mimi na Somoe tulijua, mjomba alijua, kwamba mnyama akitaka kuingia ataingia kama mtu anavyopita kwenye pazia. Hofu ya namna hiyo haikupigii kelele. Inakaa nawe kwenye sahani, inakunyima hamu ya ugali, inakufanya ugombane na mwenzako kwa ajili ya kijiko kilichoanguka.

Kisha akachukuliwa kijana mmoja aliyelinda mpunga bondeni, mdogo wake Mwenyekiti wa kijiji. Alilala juu ya dungu, kile kitanda kirefu cha miti wanachokesha walinzi wa mashamba, na kulipokucha akashuka kujisaidia. Hakupanda tena. Ndipo nilipoanza kusikia maneno kupitia ukutani. Majirani walikaa upande wa pili wa kiambaza chetu cha nje, wakipukuchua kunde, wakidhani sisi hatupo, au wakijua kwamba tupo.

"Huyu mzee anashinda mtoni mpaka jua linakuchwa," alisema mmoja. "Kwa nini yeye haliwi?"

"Alikuja lini hapa?"

"Na simba walikuja lini?"

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Kule kusini watu wengi huamini kwamba yupo simba wa porini na yupo simba wa mtu, anayetengenezwa kwa dawa na kutumwa kama unavyomtuma mtoto dukani. Wao walitamka "simba wa ntu," kama Wamakonde wanavyotamka. Nilimtazama Somoe. Alikuwa akichambua mboga, vidole vyake vimesimama. Na chumba cha pili, ambako mjomba Amisi alikuwa akisuka mgono, ile sauti ya matete kusuguana ilikatika kwa muda, halafu ikaanza tena, polepole zaidi. Alikuwa amesikia kila neno.

Mkutano uliitishwa mchana mbele ya ghala la korosho. Nataka niseme wazi kwamba Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alinipokea vizuri nilipofika, alinijengea kichanja cha vyombo kwa mikono yake. Lakini macho yake siku ile yalikuwa mekundu kwa kutolala, na aliongea akitazama chini. Alisema mtaalamu ameitwa kutoka Newala, atafika keshokutwa, atamnywesha mzee Amisi dawa. Kama mzee hana kitu, ataitapika na kwenda zake.

"Na asipoitapika?" aliuliza Somoe.

Wote tulijua kwamba dawa ile humuua asiyeitapika. Nikasimama. Nilikuwa na sare ya serikali na nilidhani ina uzito. "Ndugu Mwenyekiti," nilisema, "Bwana Nyama wa idara ya wanyamapori yuko Kitaya. Amekuja na bunduki kwa ajili ya viboko wanaokula mpunga wa watu. Tumwite, amuue huyu simba, mambo yaishe."

"Bunduki inaua simba wa porini, ndugu," alijibu Mwenyekiti kwa upole. "Huyu si wa porini."

"Mmejuaje?"

Sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, na hadi leo sijui ni ya nani. "Bibi shamba, wewe unalala nyumba moja naye. Unakula sahani moja naye. Au na wewe umo?"

Watu waligeuka kunitazama. Nilizifahamu zile nyuso zote; nilikuwa nimewapimia mistari ya mihogo, nimebeba watoto wao. Na nilipata hofu ambayo sikuipata porini, kwa sababu porini nilijua nitazame wapi. Nikakaa. Mjomba Amisi aliinuka mwenyewe kabla hajashikwa, akakunja mkeka wake, akawatangulia kwenda ghalani kama mtu anayeonyesha wageni chumba. Walimfungia kwa kufuli. Jioni mimi na Somoe tulipeleka chakula, tukampitishia chini ya mlango. "Msinihofie," alisema kutoka ndani. "Mlango huu ni wa bati. Kijiji kizima, humu tu ndimo simba hawezi kuingia." Tukamsikia akila. Somoe aliweka paji la uso kwenye lile bati, akabaki hivyo mpaka nikamvuta, maana jua lilikuwa linazama.

Asubuhi Somoe aliniamsha akiwa ameshafunga kanga kiunoni. "Mimi nakwenda Kitaya kumwita Bwana Nyama," alisema. "Wewe baki."

"Peke yako?"

"Nani atakwenda nami? Nimewauliza watatu. Mmoja anaumwa mguu, mmoja anasubiri mtaalamu, mmoja alinifungia mlango."

Nilitaka kubaki. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu kama nilivyotaka kubaki kwenye kile kitanda cha kamba. Nilivaa viatu. Tulingoja umande ukauke na mwanga uingie vizuri chini ya miti, kisha tukatoka, Somoe mbele, mimi nyuma, yeye akitazama mbele na kushoto, mimi nyuma na kulia. Baiskeli tuliiacha kwa kuwa njia ilikuwa ya mchanga na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kumwacha mwenzake. Tulizungumza kwa sauti kubwa njia nzima ili tusimshtue mnyama aliyelala. Tulisimuliana habari zote za waume, wakwe na shangazi, na zilipokwisha nikaanza kumfundisha nafasi za kupanda mikorosho, napiga kelele kama nahutubia mkutano, naye akiitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Mara mbili tulicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kilitoka kama kwikwi.

Njia ilipita katikati ya mahame yao ya zamani. Kuta zilikuwa zimelainika kwa mvua, paa zimeanguka, malimau yameiva na kudondoka bila wa kuokota. Somoe alikuwa akinionyesha: hapa kwa Binti Hamisi, hapa madrasa, hapa kisima. "Na ile kule ni nyumba yangu," alisema, "ile yenye baraza pana, mwenyewe nilii..."

Alinyamaza katikati ya neno. Nilikuwa nimegeukia nyuma, sikuona kitu, lakini ukimya ule niliutambua kabla sijageuka. Mwili wangu wote uliutambua.

Simba alikuwa amelala barazani kwa Somoe. Alilala kwa ubavu, kivulini, kama mwenye nyumba aliyeshiba anayepunga upepo, kichwa kimeinuliwa, anatutazama. Alikuwa jike. Umbali kati yake na sisi ulikuwa kama ua wa nyumba ya kawaida. Nilisikia joto likishuka miguuni mwangu nikafahamu kwamba nimejikojolea. Mkono wa Somoe ulikuja nyuma, ukakamata kanga yangu kiunoni, ukaisokota.

"Ukikimbia nitakuangusha mwenyewe," alisema, midomo haitikisiki. "Simama wima. Mtazame."

Kisha akaanza kuzungumza naye. Alizungumza Kimakonde, kwa sauti ileile aliyotumia kumkaribisha mgeni maji ya kunawa. Nilishajifunza maneno ya kutosha kuelewa. Alimwambia: tunapita tu. Hatukufuata kitu. Baraza kaa nayo, mimi siihitaji. Huku akisema, alirudi nyuma nusu hatua, akinisukuma kwa mgongo wake, na nusu hatua nyingine. Simba aliteremka barazani. Hakuwa na haraka. Niliona mbavu zake, niliona mfupa wa nyonga unavyopanda na kushuka chini ya ngozi. Alijinyoosha, akatembea upande wetu kidogo, akasimama. Somoe akapandisha sauti, akaitandaza kanga yake ya juu kwa mikono miwili mpaka akawa mpana kama mlango, nami bila kujua nikafanya vilevile. Tuliondoka mahame yale kinyumenyume, tumegusana, tukimtazama hadi mti wa mlimau ukamficha. Hiyo ikawa mbaya zaidi. Kuanzia hapo hatukumwona tena, ila tuliona nyasi za kulia kwetu zikiinama na kuinuka, zikiinama na kuinuka, zikienda mwendo wetu. Tukisimama, zinasimama. Somoe hakuacha kuzungumza hata mara moja. Sauti yake ilianza kukauka, ikawa ya kukwaruza, na pale ilipokatika nikaendelea mimi kwa Kiswahili, sijui nilisema nini. Tulipotokea kwenye mpunga wa Kitaya na kuwaona watu wanafukuza ndege, nyasi zilitulia. Somoe alitembea mpaka tuta la kwanza, akakaa majini na nguo zake zote, akatapika.

Bwana Nyama alikuwa mtu mnene mwenye kaptula, anakula viazi. Alitusikiliza bila kukatisha. "Mmemwona kwa macho yenu? Si nyayo?"

"Amelala barazani kwangu," alisema Somoe.

"Utanionyesha?"

Nilidhani Somoe atakataa. Alijifuta uso kwa pindo la kanga, akapanda Landrova. Mimi nilikaa katikati ya Somoe na dereva nikiwa nimefumba macho, kwa hiyo risasi niliisikia tu, alasiri ile, moja na baadaye ya pili. Nilipofumbua, simba alikuwa amelala miguuni mwa baraza ileile, na Bwana Nyama anamtupia vijiwe kutoka mbali ahakikishe. Alipoufungua mdomo wa simba alituita tuone. Meno makubwa yalikuwa yamevunjika, mengine yameoza. "Huyu hawezi tena kumwangusha nguruwe," alisema. "Mtu ni laini." Kisha akatazama yale mahame, mihogo iliyofukuliwa, nyayo za nguruwe kila mahali, akatikisa kichwa.

Kipya walitupokea kwa vigelegele na vilio vikichanganyika. Watu walimpiga mzoga kwa fimbo, mtoto wa Binti Hamisi aliupiga mpaka wakamshika. Bwana Nyama aliuliza ghala lina nini, akaambiwa. "Fungueni," alisema, na Mwenyekiti akafungua. Mjomba Amisi alitoka akikinga macho. Watu walimpisha njia. Alikwenda moja kwa moja pale simba alipolazwa, akachuchumaa, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akatazama yale meno.

"Kumbe bibi kizee," alisema. "Njaa tu."

Mtu mmoja akasema, si kwa ukali, kama anayekumbusha jambo lililosahaulika: "Huyo ni wa porini. Wa ntu bado."

Nilimwona mjomba akiyapokea maneno yale. Hakugeuka kumtafuta msemaji. Usiku ule hakusuka. Asubuhi alifunga migono yake, sufuria moja na mkeka, nasi tukamsindikiza mtoni. Ng'ambo, siku zile, mizinga ilisikika mara kwa mara kama mtu anayeburuta meza. Somoe alishika ubavu wa mtumbwi. "Mjomba, kule kuna vita."

"Vita vina kelele, mwanangu," alijibu. "Unavisikia vikija." Akaninyooshea mkono, nikamshika kwa mikono miwili, nikamwamkia kama kila asubuhi, "Shikamoo, mjomba," naye akasema, "Marahaba, kula vizuri." Akapiga kasia. Hatukupata habari zake tena, si mwaka ule, si hata vita vilipokwisha na watu wakaanza kuvuka huku na huku kuwatafuta ndugu zao.

Mwaka ule hakuliwa mtu mwingine. Wanaume waliwasaka nguruwe kwa nyavu, nyasi zikafyekwa mpaka mbali na nyumba, tukapata mbao za milango, na wanawake wakaendelea kuchimba kwa zamu hata hofu ilipopungua. Mimi nilihamishwa baada ya mavuno. Nilifanya kazi porini miaka mingine mingi, na kokote nilikopelekwa niliwafundisha wanawake kusimama migongo kwa migongo kabla ya kuwafundisha kilimo. Somoe alibaki. Aliolewa tena palepale, akazaa palepale, akazeeka katikati ya watu waliomfungia mjomba wake.

Nilifika mazishini watu wakirudi kutoka makaburini. Nilikaa na wanawake uani, tukichambua mchele wa chakula cha waombolezaji. Nyuma yangu mabinti wawili walikuwa wakiosha masufuria.

"Huyu bibi si ndiye mpwa wa yule mzee aliyekuwa anafuga simba?"

"Ndiye. Wanasema alipovuka mto alivuka nao wote."

Niligeuka. Niliwaambia kwamba nilimjua mzee huyo, nilikula naye. Niliwaeleza habari za mahame, nguruwe, yale meno yaliyooza, Somoe alivyotandaza kanga yake. Waliacha masufuria wakanisikiliza kwa adabu, mikono inadondosha povu. Nilipomaliza, yule mdogo alifikiri kidogo.

"Sawa, bibi," alisema. "Lakini alipoondoka yeye, simba si waliisha?"

Ilikuwa bado mchana, kuna watu uani kote, kuna chai inayochemka. Nikapata hofu ileile ya siku ya mkutano. Niliweka ungo chini, nikamshika yule binti mkono uliolowa, nikamkalisha karibu yangu, nikaanza upya.